Masale kwenye Kona ya Kahe

Mawenzi, Moshi
9 Juni 2025

Bwana Efraimu,

Habari za kazi. Mimi ni Gladness Tesha, yule mtaalamu wa mifugo uliyemkatia bima ya pikipiki ya kazini mwaka jana. Nakuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu baba yangu anataka kila kitu kwa maandishi, kwa hiyo hata majibu yako nitayahitaji kwenye karatasi. Baba alikuwa karani wa chama cha ushirika cha kahawa huko Kilema. Neno ambalo halijaandikwa, kwake bado halijasemwa.

Shida yangu ni hii. Mbali na pikipiki ya kazi ninayo nyingine, ndefu, yenye matairi ya meno, ambayo naiendesha Jumamosi kwenye uwanja wa Elimringi kule Kahe. Ni shamba lake mwenyewe kando ya mfereji. Amelichonga matuta na kona, sisi tunalipa kiingilio na kuzunguka. Hatushindani, ni kujifurahisha tu. Novemba iliyopita nilianguka, nikavunjika mtulinga na kugonga kichwa, nikalazwa. Nilipopeleka madai, kampuni ikajibu kwamba bima yangu ni ya barabarani na uwanja wa Elimringi si barabara. Nilipotoka hospitali nikakuta baba ameshaipandisha pikipiki Kilema kwa gari la maziwa na kuifungia kwenye stoo ya kahawa. Ufunguo anatembea nao mfukoni. Naambiwa kuku wanalala juu ya tangi.

Nimeomba, nimenuna, nimemtuma hata padre. Mwisho baba akasema: "Siku utakayoniletea bima iliyoandikwa wazi kwamba inafunika mpaka uwanjani, nitakupa ufunguo." Na yeye akiahidi anatimiza.

Najua utajiuliza mwanamke mzima anatafuta nini kwenye matuta. Wiki nzima napanda na kushuka milima nikiwapandikizia ng'ombe mbegu, na mtungi wa mbegu nimeufunga nyuma. Usipinduke, usitikisike. Naendesha kama mtu aliyebeba bakuli la uji wa moto. Jumamosi nataka kuendesha bila mzigo. Ni hilo tu, na nimelikosa sana.

Nitafutie hiyo bima.

Gladness Tesha


Moshi mjini
17 Juni 2025

Dada Gladness,

Bwana Yesu asifiwe. Nimepokea barua yako, nayo inanuka maziwa kidogo. Nadhani umempa dereva Jesse wa gari la maziwa. Hamna neno, hata yangu ataileta yeye.

Nakueleza ilivyo bila kukupaka mafuta. Bima ndogo, ambayo sheria inaitaka, inamlinda mtu utakayemgonga barabarani. Bima kubwa inalinda na pikipiki yako, lakini kila mkataba niliousoma wiki hii una kifungu kimoja mwishoni, kule ambako watu wanakuwa wameshachoka kusoma: hailipi kwa mashindano, majaribio ya mwendo, wala mazoezi yanayoendana nayo. Kampuni nyingi zikisikia neno uwanja, zinaishia hapohapo. Moja walicheka. Nyingine waliniuliza kama ninyi ni wale wanaoruka juu ya magari.

Hata hivyo nimeona njia nyembamba. Tuiache bima ya pikipiki ibaki ya barabarani, na tukukatie wewe mwenyewe bima ya ajali binafsi, halafu tuombe kiambatisho kinachotaja uwanja wa Elimringi kwa jina. Kampuni moja ya Dar imesema itafikiria, mradi iwe kweli ni burudani na si mashindano. Pikipiki ikivunjika itakuwa juu yako. Ukivunjika wewe, watalipa matibabu.

Je, baba yako atakubali bima ya namna hiyo? Muulize mapema, tusije tukahangaika bure.

Efraimu, wakala wako


Kilema
28 Juni 2025

Kijana wangu Efraimu,

Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni Aristides Tesha, baba yake Gladness. Marehemu baba yako nilipima naye kahawa misimu mingi, yeye akishika mzani na mimi nikishika kalamu, kwa hiyo sikuandikii kama mgeni.

Gladness amenisomea barua yako. Nimemjibu kwamba bima inayomlinda yeye na kuiacha pikipiki naikubali, maana pikipiki sikuizaa mimi. Hayo nimeyasema na siyarudishi. Sasa nakuandikia ambayo sikumwambia.

Kabla sijampa lile sharti nilishuka mjini nikazunguka ofisi za bima zote nilizoziona, isipokuwa yako, kwa kuwa sikujua kama upo. Kote nikaambiwa hakuna bima ya uwanjani. Ndipo nikaweka sharti. Sikudanganya. Nilisema akiileta, sikusema ipo.

Ombi langu ni fupi. Wewe endelea kutafuta, ila usipate.

Nakupa na sababu, usije ukaniona mzee mkorofi. Siku aliyoanguka nilipigiwa simu nikiwa shambani, nikashuka na viatu vya matope mpaka wodini. Alikuwa amekaa kitandani macho wazi. Akaniamkia, "Shikamoo mzee," kwa adabu kabisa, kama unavyomwamkia mtu uliyemkuta njiani. Kisha akaniuliza nimekuja kumwona nani. Nikasema nimekuja kumwona binti yangu. Akanipa pole, akasema Mungu atamsaidia.

Kesho yake akili ilirudi, akaniita baba, akadai chai. Ya jana yake hakumbuki hata moja, na mimi sijamwambia mtu yeyote. Nina watoto wanne, watatu wako Dar na Mwanza. Huyu ndiye ninayemwona kila wiki. Nilikaa kwenye kiti kile nikimjua, naye hanijui. Sitaki kukaa tena.

Aristides Tesha


Moshi mjini
3 Julai 2025

Mzee Tesha, shikamoo.

Milele amina. Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na nimeumia. Pole sana, mzee wangu.

Marehemu baba alikuwa akikutaja nyumbani. Alisema karani Tesha aliwahi kumrudisha mkulima aliyetia mawe kwenye gunia, na mkulima mwenyewe alikuwa shemeji yako. Kwa hiyo utanielewa nikisema siwezi kutafuta kitu cha mteja huku nikiomba kisipatikane. Ikipatikana nitamwambia siku hiyohiyo. Isipopatikana nitamwambia vilevile.

Hayo ya hospitali sitamgusia, kwa kuwa ni yako wewe kuyasema. Lakini naomba umwambie. Yeye anadhani unagombana na pikipiki. Hajui kwamba unaogopa siku ambayo akili yake haikuwepo.

Mtoto wako katika kazi,
Efraimu


Moshi mjini
29 Julai 2025

Dada Gladness,

Kampuni ya Dar imekubali kimsingi. Usishangilie bado.

Walinituma nikakague uwanja. Nilifika Kahe Jumamosi bila kupiga hodi mapema, kwa sababu ukaguzi wa kupiga hodi haufai. Elimringi alinipokea vizuri na kunipa maji. Uwanja ni mzuri, udongo laini, kila mtu amevaa helmeti na magoti yamekingwa. Halafu nikauona ubao.

Uliniandikia kwamba hamshindani. Pale kwenye kibanda cha kiingilio kuna ubao mweusi, na kwa chaki yameandikwa majina na muda wa kila mmoja kuzunguka, kuanzia aliye wa haraka. Jina la juu kabisa ni lako. Limezungushiwa maua. Hakuna aliyethubutu kulifuta tangu Novemba.

Dada yangu, hayo ndiyo majaribio ya mwendo. Ukianguka, na mtu wa kampuni akauona ule ubao, hupati kitu, na safari hii mimi pia nitakuwa nimesema uongo. Kwa hiyo masharti ni mawili. La kwanza, ubao uondoke na saa ya kupimia iondoke. La pili, kwenye ile kona kubwa karibu na mfereji watu wanasimama kutazama bila kizuizi chochote, na pikipiki inapita karibu nao mno. Kampuni inataka ukingo. Usiwe wa chuma wala mawe, maana atakayeanguka ataangukia hapo.

Efraimu


Mawenzi, Moshi
1 Agosti 2025

Bwana Efraimu,

Umeniaibisha, na nilistahili. Niliposema hatushindani nilikuwa naamini. Nilikuwa najiambia ule ubao ni utani wa kina Elimringi. Lakini nikikumbuka nilivyoanguka, nilikuwa nimetazama saa ya kibandani badala ya kutazama kona. Hilo sijamwambia mtu.

Niliomba kimoyomoyo upite bila kuuona. Nimeenda Kahe mwenyewe, nikachukua kitambaa chenye maji, nikafuta kuanzia jina langu. Wenzangu walinung'unika. Kijana mmoja aliyekuwa wa pili alisema sasa hatajua kamwe kama angenipita. Nikamwambia na mimi sitajua. Elimringi ameugeuza ubao, ameandika bei ya soda.

Ukingo ndio unatusumbua. Matairi chakavu yanatosha nusu tu ya kona, na senyenge umeikataza. Tunafikiri.

Gladness


Mawenzi, Moshi
24 Agosti 2025

Baba, shikamoo.

Natumaini umechuma vizuri wiki hii na mgongo haukusumbui. Mimi ni mzima.

Baba, leo sitakuandikia vizuri kwa sababu nimekasirika, na afadhali nikuambie mwenyewe kuliko uje usikie kwa padre. Ijumaa nilipita ofisi moja ya bima hapa mjini kulipia pikipiki ya kazi ya mwenzangu. Dada wa mapokezi alipoona jina Tesha akasema, "Kuna mzee wa Kilema mwenye jina hilo alikuja Machi kuuliza bima ya viwanja vya pikipiki. Tukamwambia hakuna, akashukuru sana." Akasema hajawahi kuona mtu aliyefurahi hivyo kuambiwa hakuna.

Wewe uliniwekea sharti Aprili.

Mimi nimeandika barua, nimezunguka, nimefuta jina langu kwenye ubao mbele ya watu, nikiamini kwamba mwisho wa njia kuna ufunguo. Kumbe ulinielekeza njia ambayo ulijua imezibwa. Ungesema tu "sitaki," ningelia siku mbili tukaendelea. Mimi si mtoto wa kuzungushwa.

Sasa sikia. Njia haijazibwa. Kampuni imekubali, bado ukingo wa kona moja tu, usiwe wa chuma wala mawe. Tukiupata, bima inatoka, na nitapanda Kilema nayo mkononi. Nataka kuona kama karani Tesha anatimiza neno lake.

Wako,
Gladness


Kilema
31 Agosti 2025

Mwanangu Gladness,

Umeandika kwa haki. Sina la kujitetea kuhusu Machi na Aprili. Nilikuwekea sharti nikijua, na kwa mtu aliyeshika kalamu ya watu maisha yake yote, ni aibu.

Nakuambia sasa kwa nini. Siku ile ya kwanza hospitalini, kabla hujarudiwa na akili, nilikuja nikakaa karibu nawe. Hukunijua. Uliniamkia kama mgeni, ukaniuliza nimemfuata nani pale. Nilipokuambia nimemfuata binti yangu, ulinipa pole. Nikakaa mpaka jioni ukiniita mzee. Uliniambia una baba Kilema, ni mkali, asiambiwe umeumia. Nikakuahidi sitamwambia.

Hiyo ndiyo ahadi niliyoitimiza mpaka leo. Mifupa sikuiogopa. Mimi mwenyewe nimebeba mizigo mlimani ujanani na nimevunjika vidole. Niliogopa kile kiti. Naona hakuna bima inayolipa kitu kama hicho, ndiyo maana nilifurahi kuambiwa haipo.

Kuhusu kona yenu. Chuma kitamkata mtu na mawe yatamvunja, kampuni ina akili. Asubuhi Jesse ataleta mafungu ya miche ya masale niliyokata kwenye mpaka wa kihamba chetu cha migomba na kahawa, upande wa chini ambako yamesongamana. Ni marefu, yapandeni kwa kusogeleana, mistari miwili. Mtu akiyaangukia yanainama naye. Kwenu Kahe jua ni kali, kwa hiyo Elimringi afungulie mfereji jioni, asubiri yashike. Kwetu masale yakishapandwa mpaka hausogezwi, na watazamaji wa kwenu nadhani ni Wachagga wa kutosha kulijua hilo.

Katika fungu dogo utakuta jani moja nimelifunga fundo. Bibi yako alikufundisha maana yake. Aliyekosa ndiye anayelipeleka, na aliyeletewa hakatai kusamehe. Hilo si la kona. Hilo ni lako.

Ufunguo nimeufunga humohumo. Usisubiri bima ndipo uniamini. Ila pikipiki usiiwashe kabla haijatoka.

Baba yako,
Aristides


Mawenzi, Moshi
22 Septemba 2025

Baba, shikamoo.

Nilikaa na barua yako siku nyingi bila kujibu, kwa sababu kila nikianza nalia na karatasi inaharibika. Jani nimelipokea. Silikatai, na hata kama isingekuwa desturi nisingelikataa.

Sikumbuki, baba. Nimejaribu kweli. Nakumbuka tuta, nakumbuka kuamka na kudai chai. Katikati hapana kitu. Inaniuma kwamba ulikaa pale peke yako na kuibeba habari hii karibu mwaka mzima, halafu mimi nikadhani unanibania pikipiki. Nisamehe. Na samahani kwa kusema wewe ni mkali, ingawa ni kweli.

Na mimi nina langu. Nilianguka kwa sababu nilitazama saa, si kona. Nilitaka jina langu likae juu. Ubao haupo tena.

Masale yameshika. Elimringi anayamwagilia kuliko mpunga wake. Bwana Efraimu aliyapiga picha akazituma Dar, na kampuni ikauliza ni mmea gani huo. Sijui aliwajibu nini, lakini bima imetoka. Naiambatanisha nakala, soma ukurasa wa mwisho: "pamoja na uendeshaji wa burudani katika uwanja uliotajwa, Kahe." Imeandikwa wazi, baba, kama ulivyotaka.

Kuna mahali wanataka jina la atakayelipwa nikifa. Nimeandika lako. Najua utanuna.

Jesse ameishusha pikipiki na kuiosha mavi ya kuku. Nitaendesha Jumamosi ya tarehe nne Oktoba. Naomba uje. Utasimama nyuma ya masale yako mwenyewe, na nimemwambia Elimringi akuwekee kiti, ila kama hutaki kukaa, simama. Bima italipa mifupa. Hilo lingine nimelifikiria hivi: nikianguka, hata nikianguka kidogo, sitaulizia pikipiki wala mguu. Kitu cha kwanza nitakachosema ni jina lako, ulisikie.

Wako,
Gladness


Kilema
5 Oktoba 2025

Kijana wangu Efraimu,

Tumsifu Yesu Kristo. Asante kwa kazi yako, na asante kwa kutonitii.

Nina mambo mawili ya kiofisi. Kwanza, kwenye bima ya Gladness nafasi ya atakayelipwa ina jina langu. Litoe. Mzazi halipwi kwa ajili ya mtoto. Andika mmoja wa wapwa zake, yeye mwenyewe atachagua. Pili, kampuni ikiuliza tena ni mmea gani, waandikie ni masale na yana miaka mingi kuliko kampuni yao.

Jana nilishuka Kahe. Niliwekewa kiti, sikukikalia. Vumbi ni jingi na kelele ni nyingi, na sikuelewa raha yake iko wapi mpaka alipopita mara ya tatu. Alikuwa amesimama juu ya pikipiki, mgongoni hana kitu. Sijamwona hivyo tangu alipokuwa mdogo akiteremka kutoka mferejini bila ndoo.

Karibu na mwisho aliteleza kwenye ile kona, akaja moja kwa moja kwenye masale na kulala ndani yake. Pikipiki ilizimika. Kisha nikasikia sauti kutoka kwenye majani, helmeti bado imefungwa: "Shikamoo, baba yangu, Aristides Tesha wa Kilema." Alilitaja lote, kama wanavyolisoma kanisani siku ya ndoa. Nikaitikia marahaba. Nadhani niliitikia zaidi ya mara moja.

Hakuumia, kwa hiyo hakuna madai. Masale mawili yamevunjika. Nitaleta mengine vuli ikianza.

Aristides Tesha